Alama za Ukuta wa Kinu

Wageni huja Pellbrook na basi la saa nne,
hushuka kamera zikiwa tayari usoni.
Wanapiga daraja: matao matatu, jiwe la rangi ya asali,
na vile vishubaka ambamo watu wa kale walijibanza
mkokoteni wa sufu upite.
Wanapiga mapaa ya nyasi, na waridi la mlangoni kwa Hester Pobjoy
(Hester hujificha jikoni, chai ikimpoa, hadi basi liondoke).
Wanapiga kanisa na mnara wake mfupi,
kama mtu aliyeambiwa asimame, akakataa.

Siwalaumu. Kizuri chajiuza.
Mimi ndiye nitiaye ufunguo saa ya mnara kila Jumamosi,
vidato sitini na kimoja,
na goti langu la kushoto linavijua vyote kwa majina.
Saa yenyewe huchelewa dakika kumi na moja.
Baraza la kijiji limekaa mara mbili kujadili fundi,
na mara zote mbili likachelewa kuanza.

Akibaki mgeni mmoja, mzito wa miguu, asiye na haraka,
humchukua nyuma, penye kinu.
Gurudumu halipo; liliuzwa chuma chakavu.
Kilichobaki ni ukuta, na ukutani mistari:
1768, mto ulinifika hapa, kiunoni.
1852, begani. Ulichukua majeneza mawili
na nguruwe wa kasisi.
Nguruwe alirudi.
1894, magotini tu; mwaka wa aibu kwa mto.

Na katikati ya miaka ya maji, mikwaruzo midogo,
kila mmoja na herufi W.
Huyo ni Wilfrid Tranter, mwana wa msagaji.
Kila sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli
mama yake alimsimamisha hapa,
visigino ukutani, kitabu utosini, kisu mkononi.
Maji yalipanda, mtoto alipanda,
mama akaandika vyote viwili mahali pamoja,
maana hakuwa na karatasi ya kupoteza.

W ya mwisho, ya juu kabisa, alikuwa na miaka kumi na saba.
Usimtafute kwenye msalaba wa mashujaa, hayumo.
Wamo akina Kitching watatu, tumbo moja,
na mwalimu wa kinanda.
Wilfrid alipanda meli, akaenda Kanada kukata miti.
Barua nne. Kisha kimya
cha miaka sitini na mitatu.

Aliporudi mimi nilikuwa na miaka tisa.
Koti la ngozi, fimbo, lafudhi ya kwingine.
Hakuuliza mama amelala wapi. Alikwenda moja kwa moja
chini ya ule mti mweusi unaolizidi kanisa umri,
akakaa kidogo, akainuka, akaja ukutani.
Akavua viatu.
Akabana visigino.
"Wewe," akaniita, "leta kitabu."
Sikuwa na kitabu. Nilikuwa nimetumwa mkate.
Basi nikauweka mkate kwenye upara wake,
nikakwaruza jiwe kwa msumari.

Akageuka, akatazama.
Vidole viwili chini ya W ya ujana wake.
Alicheka hadi kikohozi kikamshika.
"Hata maji hupungua," akasema,
akamega mkate wa mama yangu, akala pale pale.
Nyumbani nilichapwa.

Februari iliyopita mto ulipanda usiku,
ukaingia kanisani bila kubisha, ukakalia viti vya mbele
ambavyo sisi wenyewe hatuvikalii.
Siku ya tatu ulipojiondokea
nilikwenda kinuni na viatu vya mpira, na patasi.
Tope lilikuwa limekwisha jichorea mstari
kati ya W na W,
katika ule upana wa vidole viwili.

Nilichonga mwaka.
Herufi zangu si nzuri kama za mama yake.